Mvua Ikinyesha Hawatolewi

Jumamosi, tarehe 7 Oktoba

Binti yangu kaniwekea daftari hili mezani na kalamu juu yake. Kasema, "Mama, kila ukienda gerezani andika tarehe, andika umeambiwa nini na nani kakuambia. Maneno ya maofisini ni mvuke wa pasi, ukigeuka hayapo." Haya, naandika. Shule niliishia darasa la tano, lakini tarehe nazijua.

Leo ilikuwa siku ya wageni. Nimefika getini saa mbili na robo na kifurushi changu: sabuni mbili, fulana, dawa ya meno. Yule askari tunayemwita Miwani, kwa kuwa mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi, akapitisha kidole kwenye orodha. Akapitisha tena.

"Fundi hana mgeni leo."

"Hana mgeni vipi, na mimi hapa ni nani?"

"Mama, yuko kule nyuma. Tangu Jumanne."

Wenye watoto gerezani hatuulizi kule nyuma ni wapi. Ni chumba cha mtu mmoja, mlango wa chuma, hakuna mwenzako wa kukwambia pole ukipiga chafya. Hakuna barua wala mgeni. Miwani kasema ni siku kumi na nne, amekutwa na simu.

Mwanangu mtaa mzima unamwita Fundi, maana anatengeneza mafriji tangu ana miaka kumi na saba. Alinunua mota za wizi. Yeye alisema hakujua, hakimu akasema alijua, akapewa miaka mitatu. Mmoja na nusu ameshaumaliza bila neno baya.

Nimerudi na kifurushi kama nilivyokwenda nacho. Mvua ya kwanza ya msimu imenikuta njiani, na mashuka ya ile nyumba ya wageni ninayoifulia nimeyaacha yote kwenye kamba. Sikukimbia.

Jumapili, tarehe 8

Kanisani wameniuliza Fundi hajambo. Nimesema hajambo.

Jumatano, tarehe 11

Mvua. Nimefunga kamba ndani, kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati, na nyingine kukatiza. Mashuka kumi na sita. Tunapita tumeinama. Binti kasema tunaishi tumboni mwa nyangumi, tofauti yetu na yule nabii ni kwamba sisi tunalipa kodi.

Jumamosi, tarehe 14

Nimekwenda tena ingawa najua hana mgeni. Mguu haukunisikiliza. Getini hapakuwa na watu, na Miwani akawa na nafasi ya kuongea, macho yake barabarani kama mtu anayengoja gari.

"Chumba chenyewe kikoje, baba?"

"Mama, hayo ya nini."

"Niambie. Nisipoambiwa naota mwenyewe, na ndoto zangu ni mbaya kuliko chumba chenu."

Akasema mtu akilala kichwa kinagusa ukuta na nyayo zinagusa mlango. Taa haizimwi. Chakula kinapita kwenye kidirisha. Kila siku wanatolewa nusu saa kwenye kiua kidogo, mmoja mmoja, waone mbingu.

"Kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa mvua. Mvua ikinyesha hawatolewi, kiua hakina paa."

Tangu Jumatano wiki hii mvua haijakatika.

Jumatatu, tarehe 16

Siku ya kumi na nne. Mvua asubuhi, manyunyu mchana. Sijui kama manyunyu ni mvua kwao.

Jumanne, tarehe 17

Nimekwenda kupokea habari njema. Ofisa wa dawatini hata hakuinua uso. "Ameongezewa. Mpaka uchunguzi uishe."

"Unaisha lini, mwanangu?"

"Ukiisha."

Ameandika hivyo kwenye kitabu chake, na mimi naandika hivyo kwenye changu.

Ijumaa, tarehe 20

Kuna jambo sijaliandika hapa, na daftari lisilo na jambo hilo ni la uongo.

Mwezi wa tisa niliugua kifua. Jumamosi mbili sikuweza kwenda. Binti alipokwenda peke yake, nilimtuma hivi: mwambie kaka yako atafute namna anipigie, hata mara moja, nisikie sauti yake, sijui kama nitaamka. Binti hakutaka. Nililia, akaubeba ujumbe. Fundi akaazima simu ya mtu ndani, akanipigia. Tuliongea dakika nne. Alicheka, akaniambia mama wewe hufi, wanaokudai nguo zao bado hawajakusamehe. Wiki iliyofuata wakamkuta na simu ileile, na mpaka leo hajasema ni ya nani. Uchunguzi wao ndio huo. Wanangoja aseme.

Na nani alimfundisha kutochongea wenzake? Alipokuwa mdogo nilimchapa kwa kumsemea dada yake.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, tarehe 22

Nimemwambia Mchungaji nusu. Kwamba Fundi yuko kule nyuma, siku ya ishirini leo. Ile nusu nyingine nimerudi nayo nyumbani.

Kanisa letu lina kamati ya wafungwa. Miaka tisa sasa, kila Jumapili ya mwisho ya mwezi, kwaya na kina mama wanakwenda kuimba kwenye ukumbi wa gereza, wanagawa sabuni, wanaomba, wanarudi wakiwa na furaha. Mchungaji akamwita Katibu wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu. Katibu akanishika mkono. "Dada, niachie mimi. Kalamu yangu Mkuu wa Gereza anaiheshimu."

Nimepata usingizi wa kwanza tangu tarehe saba.

Alhamisi, tarehe 26

Katibu amenisomea barua. Kurasa tatu. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, sikusikia yote. Nilisikia "tunamshukuru Mungu kwa uongozi wako uliotukuka" na "nidhamu inayong'aa kama nyota." Karibu na mwisho nilisikia "wale waliotengwa kwa muda, tunawakumbuka kwa sala."

Nikauliza, "Dada, pale pa kuomba atolewe ni wapi?"

"Pamo ndani, mpendwa. Mkubwa haambiwi, mkubwa anadokezwa."

Mimi nani, darasa la tano.

Jumapili, tarehe 29

Kamati imekwenda gerezani. Nimewangoja kwenye ngazi za kanisa hadi saa tisa. Walishuka garini wanacheka. Mkuu wa Gereza amewapa chai. Barua ya Katibu ameitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika ukutani pale wageni wanapoingilia.

"Kwenye fremu," Katibu akasema, "umewahi kuona?"

"Na Fundi?"

Uso wake ulivyoshuka, nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi.

Jumamosi, tarehe 4 Novemba

Siku ya thelathini na tatu. Miwani kaniambia pole pole, huku anapekua kifurushi cha mama mwingine: wiki hii walikuja wakaguzi kutoka makao makuu. Mkuu aliwasimamisha mbele ya fremu akawasomea kurasa zote tatu. Wakaguzi wakasema gereza ambalo watu wa dini wenyewe wanalisifu hivi, wao wakague nini. Hawakufika kule nyuma.

Barua yetu. Tumemjengea mwanangu ukuta wa pili.

Nimefika nyumbani nikakuta shuka moja limeanguka kwenye sakafu yenye tope. Nimelifua mara tatu, na lilikuwa safi mara ya kwanza.

Jumapili, tarehe 5

Naandika mambo mengi leo, kalamu inivumilie.

Baada ya ibada Mchungaji alituita kamati nzima kwenye chumba cha nyuma, kile cha viti vilivyovunjika. Watu kumi na wawili. Katibu alisimama akaeleza habari ya fremu na wakaguzi. Hakujitetea. Alisema, "Niliandika ili nipendwe," akaketi.

Mama Duka ndiye aliyeanza. Ana duka la jumla na ulimi wa rejareja. "Mimi sina ugomvi na mtu. Lakini tusijifanye hatujui. Kijana alikutwa na simu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukianza kuwatetea wavunja sheria hata ndani ya gereza, ule ukumbi tutafungiwa, na wale wema watakosa neno la Mungu na sabuni kwa ajili ya mmoja."

Wengine wakaitikia kwa kichwa. Na mimi nilimwona ana haki, kwa kuwa hakujua lile ninalolijua mimi. Nikasimama.

Nikasema, "Ile simu nilimtuma mimi."

Nikawaeleza kifua changu, kilio changu, ujumbe nilioutuma, dakika nne. Nikawaambia yule mnayesema avumilie, anavumilia mahali pangu. Adhabu alipewa ya siku kumi na nne, sikulalamika, alikosa. Leo ni siku ya thelathini na nne. Zilizozidi ni za nini? Nikawafungulia daftari hili nikasoma tarehe na maneno ya kila askari, na siku za mvua, kwamba mvua ikinyesha hawatolewi. Katika siku thelathini na nne, siku kavu ni kumi na moja.

Mama Duka akasema, "Si ungesema mapema, mwenzetu," kwa sauti iliyotoka chini. Akasogea akaniachia nafasi kwenye kiti chake, maana changu kilikuwa cha miguu mitatu.

Hapo ndipo Bi Zamu alipoingilia. Huyu ndiye anayepanga zamu za kukaa na wafiwa. Ukifiwa kwenye usharika wetu huachwi peke yako. Mmoja akitoka mwingine anaingia, siku arobaini, na ole wako ukichelewa zamu ya Bi Zamu. Anauza mboga, sauti yake ni ya sokoni.

"Nauliza mimi nisiyesoma. Huyo mtu kule ndani si amekaa kama mfiwa? Sasa kwa nini tunamwandikia barua? Mfiwa tunamwandikia barua?"

"Hawaruhusu wageni kule," mtu akasema.

Mchungaji alikuwa ametazama sakafu. Akasema kanuni za gereza anazo ofisini tangu miaka tisa iliyopita, walipopewa kibali. Mle imeandikwa kwamba mtu wa dini, au aliyetumwa naye kwa cheti, anaweza kumwona mfungwa yeyote, siku yoyote, hata aliyetengwa. "Sikuwahi kuomba. Ukumbini kuna kinanda. Tumeimba miaka tisa kwa wale waliotolewa kuja kutusikiliza, sijauliza hata siku moja nani hakutolewa."

"Wako wangapi kule?" Bi Zamu akauliza.

Hakuna aliyejua.

Jumanne, tarehe 7

Ni kumi na mmoja. Milango kumi na miwili, mmoja mtupu. Aliyekaa muda mrefu kuliko wote ana miezi saba.

Mchungaji alikwenda kwa Shehe wa msikiti wa karibu na stendi, akiogopa kidogo, hawajawahi kufanya kazi pamoja. Shehe akamuuliza, "Wangu wangapi kati ya hao?" Mchungaji akasema, "Hatukuambiwa." Shehe akasema, "Basi tuwahesabu wote ni wangu, na wewe wahesabu wote ni wako, tutagombania huko mbele." Ametoa watu tisa, wanaume kwa wanawake.

Bi Zamu amepanga. Kila mlango, kila siku, mtu mmoja.

Alhamisi, tarehe 9

Vyeti vimetoka vyote isipokuwa changu. Ofisa akasema mama wa mfungwa hawezi. Mchungaji akamsomea kanuni: ndugu haruhusiwi kwa ndugu yake. Haikatazi kwa mtoto wa mwingine. Wakavutana saa nzima. Mwisho nimepewa mlango wa nne, kwa sharti: nikimwita mwanangu kwa jina, nikisogelea mlango wake, vyeti vya watu wote vinafutwa siku hiyohiyo.

Fundi yuko mlango wa tisa. Binti kaniambia, "Mama, mdomo wako tunaujua. Utaweza?"

Nikaendelea kukunja mashuka.

Jumatatu, tarehe 13

Siku ya arobaini na mbili. Zamu yangu ya kwanza.

Ni korido ndefu nyembamba kama soksi. Milango sita huku, sita huku, namba zimeandikwa kwa rangi nyeupe. Askari wawili, kila mmoja na ufunguo wake, maana lango la chuma linahitaji funguo mbili. Nikawekewa kigoda mbele ya mlango wa nne. Kidirisha kikafunguliwa, upana wa sahani.

Nikaona macho. Mtu mzima, labda miaka thelathini na tano. Akasema, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama fulani tu. Nimetumwa kukaa na wewe nusu saa."

"Nimefanya nini tena?"

"Hujafanya kitu. Nimekuja kukaa."

Akauliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Akauliza ya mwezi gani. Nilipomwambia Novemba aligeuka, akakaa na mgongo kwangu kitambo kirefu. Alidhani ni Agosti.

Na mimi muda wote huo mlango wa tisa uko nyuma yangu, mkono wa kulia, hatua saba. Nimezihesabu. Mlango huo haukutoa sauti yoyote. Mtoto niliyembeba, nikamtambua kwa kikohozi kati ya watoto arobaini shuleni, yuko hatua saba na mimi siwezi kusema baba, mama yupo. Kigoda kilikuwa moto.

Sharti lilisema nisimwite. Halikusema nisisali. Mwisho wa nusu saa nikamwambia wa nne tuombe, nikaomba kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika, ili ifike. Niliomba kwa maneno niliyokuwa namwombea Fundi akiwa mdogo kabla ya kulala, yaleyale. Askari walitazamana, wakafunga kidirisha.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilijiona mjanja.

Kabla ya kutoka unajaza kitabu cha wageni wa dini. Kuna safu ya jina, saa, na "hali ya mfungwa." Niliandika: Hajui mwezi.

Jumanne, tarehe 14

Mvua.

Jumatano, tarehe 15

Katibu ana mlango wa pili. Kasema alipofika kwenye safu ya hali ya mfungwa mkono ulitaka kuandika "anaendelea vyema kwa neema." Akauzuia. Akaandika: Ana vidonda mgongoni. Maneno matatu. Bi Zamu akamwambia, "Mwalimu, leo ndiyo umehitimu."

Kumbe kile kitabu kinapelekwa makao makuu kila mwisho wa mwezi.

Ijumaa, tarehe 17

Mlango wa tisa unakaliwa kwa zamu na Bi Zamu na kijana mmoja wa Shehe, fundi cherehani. Leo Bi Zamu kapita hapa nyumbani akitoka huko. Akakaa chini ya mashuka, hakuvua kilemba. Nikamwekea chai. Hakuigusa.

"Dada, nitakwambia, na usipige kelele."

"Amekufa?"

"Hajafa. Jumatatu alijigonga kichwa ukutani. Wamemshona nyuzi nne."

Jumatatu.

"Siku zote nilizokwenda hakuwa anaongea, anaangalia ukuta. Leo ameongea. Kaniambia, Bibi, akili yangu imeondoka. Nimeanza kusikia sauti. Nimemsikia mama yangu anasali, hapahapa mlangoni, ile sala ya utotoni. Nikajua basi, nimeshakuwa mwehu, bora nijimalize."

Bi Zamu akanishika kabla sijaanguka kwenye beseni.

Nilifikiri nampelekea mkono, kumbe nimempelekea jiwe. Mara ya kwanza simu, mara ya pili sala. Kila ninapomtafuta huyu mtoto namuumiza.

"Ulimwambia ni mimi?"

"Askari alikuwa hapo. Sharti ni sharti, na kuna wengine kumi. Nilimwambia hivi: mwanangu, mimi masikio yangu hayajambo, na huku koridoni kuna mama mmoja wa zamu ana sauti kubwa kama debe tupu, hata mimi ananiudhi. Ulichosikia, wote tumekisikia. Akaniuliza, kweli? Nikamwambia muulize jirani yako."

"Akafanyaje?"

"Akaomba maji."

Jumatatu, tarehe 20

Zamu yangu. Nimekaa kwenye kigoda nimenong'ona nusu saa nzima. Wa nne kaniuliza kama nimepoteza sauti. Nimemwambia naipumzisha. Akasema, "Juzi namba tisa aliniita kupitia tundu la bomba, akauliza kama nami nilisikia mama anasali. Nikamwambia nimesikia hadi amina." Akaniangalia muda mrefu.

Sikuangalia mkono wa kulia hata mara moja. Shingo inaniuma hadi sasa.

Jumatano, tarehe 22

Mvua. Meneja wa nyumba ya wageni kasema mashuka yananuka unyevu, akipata dobi mwenye mashine ataniacha. Nimemwambia sawa.

Ijumaa, tarehe 24

Miwani kasema askari wamechoka. Watu kumi na mmoja kila siku, kila mmoja funguo mbili, askari wawili, kitabu, saini, toka asubuhi mpaka saa tisa. Wamemwambia Mkuu ama aongeze askari ama apunguze milango. Mkuu alimwita Mchungaji na Shehe, akawaambia warudi ukumbini, kuna kinanda kipya. Shehe akamwambia, "Mheshimiwa, sisi msikitini kinanda hatukijui kabisa, utatupa nini?"

Nimecheka. Halafu nikakumbuka ni siku ya hamsini na tatu, nikaacha.

Jumapili, tarehe 26

Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kwaya haikwenda ukumbini. Mama Duka alisimama mbele ya usharika akasema zamu yake ni mlango wa kumi na moja, na yule kijana kamwomba amletee harufu ya sabuni, aishike tu mkononi. "Nilisema hapa tutawakosesha wema kwa ajili ya mmoja. Nisameheni. Sikuwa nimemwona huyo mmoja." Akaketi, akalia kwenye khanga yake.

Alhamisi, tarehe 30

Kitabu kimepelekwa makao makuu. Mvua.

Jumamosi, tarehe 2 Desemba

Hakuna neno.

Jumapili, tarehe 3

Hakuna neno. Mvua.

Jumatano, tarehe 6

Wametoka. Saba kati ya kumi na mmoja, jana jioni, wamerudishwa kwenye mabweni na wenzao. Makao makuu yalisoma kile kitabu siku nne, wakaja wenyewe, safari hii wakapita kwenye fremu moja kwa moja hadi kule nyuma. Wamemwandikia Mkuu kwamba kumi na nne ni kumi na nne, na kwamba kiua kiezekwe. Mchungaji alikuja kuniambia, na viatu vyake vimejaa tope.

Fundi yumo katika saba. Siku sitini na nne.

Wanne wamebaki kwa uchunguzi. Yule wangu wa mlango wa nne yumo.

Binti kapiga vigelegele hadi jirani wakaja. Mimi nimekaa kitandani nimeshika kibanio cha nguo. Furaha ipo, naiona iko pale, lakini haijanifikia.

Jumamosi, tarehe 9

Nimemwona.

Nilikuwa na maneno ya siku sitini na nane. Nimeyapanga njiani kama nguo: kwanza msamaha, kisha habari za dada yake, kisha mtaa. Chumba cha wageni kilijaa, watoto wanalia, watu wanaitana. Wakamleta. Nywele zimenyolewa, kovu juu ya jicho kama mshono wa mtu anayejifunza. Amekuwa mwembamba hadi nikamwona baba yake.

Nikafungua mdomo. Akainua kiganja taratibu.

"Mama. Ngoja kwanza. Usiongee."

Nikangoja. Alikuwa anaangalia kelele. Sijui nitaandikaje, lakini alikuwa anaziangalia, moja moja, zilikotoka. Mikono yake ilikuwa chini ya mapaja. Baada ya muda akasema, "Sasa. Lakini pole pole. Na iwe kitu kidogo."

Msamaha si kitu kidogo. Nikauacha. Nikamwambia kuna shati la mteja nimelipasua kola kwa pasi, nikaigeuza kola ndani nje nikaishona, na mteja hajagundua, anasema shati limekuwa jipya. Akatikisa kichwa kidogo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nimemsimulia kola ya shati mara tatu.

Halafu akasema, huku anatazama meza, "Ulikuwa wewe. Ile sala."

"Nilikuwa mimi, baba. Na ile simu ni mimi. Nisamehe."

"Simu niliazima mwenyewe. Nilitaka kukusikia." Akafikiri. "Sala ulipiga kelele sana."

"Najua."

Kengele ikalia. Watu wakasimama, viti vikakwaruza, akafumba macho mpaka vikanyamaza. Wafungwa wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa pembeni. Yeye akafika mlangoni akasimama. Mlango ulikuwa wazi, wenzake wamepita mbele yake, na yeye amesimama wima, mikono mbavuni, anangoja. Nyuma yake foleni ikakwama.

Miwani akamwambia, "Fundi, pako wazi."

Hakusogea. Nilitaka kuinuka nimsukume, nimshike kiwiko kama siku ya kwanza ya shule. Nikashika ukingo wa meza. Miwani akatazama huku na huku, akaurudisha mlango ukafunga, akazungusha ufunguo mara moja, akafungua tena.

Hapo mwanangu akapita.

Jumatatu, tarehe 11

Jua tangu alfajiri. Bi Zamu kaniuliza kama nataka kupumzika, maana wangu ametoka. Nimemuuliza, "Ametoka wapi?" Akaniandika zamu.

Mlango wa nne, saa nne kamili. Nimeanika mashuka nje, natoka sasa.